Mabungo ya shangazi: Malindi hadi Lamu na kurudi, siku saba

Yote ilianza na simu. Shangazi yangu aliolewa Lamu kabla mimi sijazaliwa, na mimi sasa nina mvi mbili tatu kwenye ndevu, na miaka yote hiyo nikimwambia nakuja nikuletee nini hunijibu njoo wewe mwenyewe tu, basi. Safari hii akanyamaza kidogo halafu akasema, "Ukiya niletee mabungo." Nikadhani sikusikia vizuri manake mtandao ulikuwa unakatakata, nikamwambia shangazi si afadhali kilo mbili za sukari au leso nzuri? Akasema, "Sukari iko Amu. Mabungo." Amu ndiyo Lamu kwa wenyewe. Akakata.

Kwa asiyelijua, bungo ni tunda la mti unaotambaa msituni, wapanda juu ya miti mingine mpaka uko kileleni, tunda lenyewe kama chungwa hivi kwa ukubwa, likiiva linakuwa rangi ya chungwa pia, ganda gumu, ndani punje zimevikwa nyama laini ya manjano yenye utamu na uchachu wa kukufumbisha jicho moja. Tulikuwa tukila tukitoka madrasa. Sasa nikajiuliza mara ya mwisho nimekula lini, nikakosa jibu, na nyumbani kwangu siku hiyo hiyo kulikuwa na matufaha manne yenye vibandiko, yametoka Afrika Kusini, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya gari.

Basi nikaomba likizo ya wiki moja na nikajiwekea sharti: mpaka nirudi, sili tunda lolote lenye kibandiko.

Siku ya kwanza, Malindi

Asubuhi sokoni na mpwa wangu wa kike, miaka 7, shule zimefungwa na mamake kanibebesha. Maembe yapo, mapapai, ndizi, mananasi, machungwa ya kijani, yote haya ninayajua, sikuyajia. Nauliza mabungo. Wa kwanza akacheka. Wa pili akaniambia, "Hayo ya watoto wa shule baba, mtu mzima wayatakia nini?" Wa tatu mama mmoja mnene wa heshima zake akaniambia hapa mjini hayafiki, hayana bei, mtu akipanda matatu na gunia la mabungo nauli yenyewe inamla, niende Gede niulize barabarani.

Lakini sikutoka bure. Nimepata ukwaju, stafeli moja kubwa lenye miiba ile milaini, na kikombe cha kunazi kutoka kwa mzee aliyekuwa amekaa pembeni kabisa karibu na mtaro, kama vile ameambiwa asionekane. Kunazi nzuri hizo, baadhi za manjano bado zagwaduka kama tufaha dogo, nyengine zimeshakunjana rangi ya kahawia na hizo ndizo tamu, wenye kujua huchagua hizo. Mpwa wangu akazinyooshea kidole akaniuliza, "Anko, hii ni dawa?"

Wallahi nilisimama. Mtoto wa Malindi, kazaliwa Malindi, hospitali iko hapo na mikunazi iko hapo, anauliza kunazi ni dawa. Nikampa moja, akaila taratibu kama anayesubiri kufa, akanyamaza, akachukua nyengine. Tukafika nyumbani kikombe kina kokwa tupu.

Mzee wa kunazi aliniambia jambo jengine, kwamba wateja wake wengi siku hizi hawaji kwa tunda, wanakuja kwa majani. Majani ya mkunazi ndiyo yanayotiwa kwenye maji ya kuosha maiti, kila mtu wa pwani anajua. Akasema kwa utulivu tu, "Mti wenyewe watu wanaukumbuka siku ya msiba." Akanifungia na majani machache bila kuniuliza kama nayataka. Sikujua niyafanye nini, nimeyaacha kwenye dirisha la jikoni.

Jioni dada yangu alikuwa anapika mabuyu ya kuuza na nikakaa kumuangalia, na hapa lazima niandike vizuri manake watu wanadhani mabuyu ni rangi tu. Ubuyu ameununua kwa kilo, zile mbegu zikiwa bado na unga wake mweupe umeshikamana, mkavu kama chokaa. Sukari na maji kidogo sana kwenye sufuria, moto wa wastani, iliki ya kusaga, pilipili ya unga kidogo, rangi nyekundu. Halafu hapo unangoja. Ananiambia usiangalie saa, angalia mwiko. Anauinua mwiko juu, shira inadondoka, inadondoka, mpaka ifike wakati haidondoki tena, inavuta uzi. Hapo hapo anaepua, anamwaga ubuyu wote mara moja na anakoroga kama anayefukuza kitu, mkono hausimami, na mbele ya macho yako ule urojo unakauka na kila mbegu inajitenga na mwenzake, imevaa koti lake jekundu. Ukiwahi yananata, ukichelewa sukari inarudi kuwa mchanga. Akanipa mwiko nijaribu sufuria ya pili. Sufuria ya pili ndiyo hiyo imelowekwa kwenye ndoo nje mpaka sasa ninapoandika, na dada yangu hasemi na mimi.

Siku ya pili, Gede

Matatu ya Watamu, nikashuka Gede. Kilomita kama 16 tu kutoka Malindi lakini mawazo yako mbali, hewa yenyewe inanuka majani. Nikapanda boda, nikamwambia kijana nipeleke palipo na mabungo, akanitazama kama nimemwambia nipeleke mwezini, halafu akacheka, "Unatafuta abungo? Twende kwa mama."

Mama mwenyewe ana shamba pembeni, upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, na mbungo wake umepanda juu ya mwembe mkubwa mpaka huwezi kujua lipi jani la nani. Ukitupa macho juu unaona embe hakuna, mabungo yako kama taa. Kijana wake akapanda na kisu mdomoni. Kila bungo linapokatwa linatoa utomvu mweupe, na utomvu huo ukikushika kwenye kidole utaula na chakula cha mchana na cha usiku, hautoki, mimi nimejipaka majivu, nimejipaka mafuta ya taa, bado. Nikanunua 30. Bei aliyonitajia nimeona haya kuilipa, nikamuongeza, akaniuliza mwanangu mbona unalipa kama mzungu. Na mabibo je? Akanionyesha mikanju yake, yaani mikorosho, akasema mabibo ngoja mwisho wa mwaka, na fuu ndiyo usiseme, hizo wakiziona watoto hazimalizi siku mbili, ulimi wote mweusi.

Sasa nilikuwa na gunia langu dogo na saa nne mkononi, nikasema ngoja nipite magofuni, kwenye mji wa kale wa Gede, sijaingia tangu nikiwa darasa la 6. Gede imetiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024 na nilitaka kuona kama kuna kilichobadilika. Mimi naona bado ni Gede ile ile, kimya, mizizi imekumbatia kuta, lile kaburi lenye tarehe, la mwaka wa 802 wa hijria ambao ni sawa na 1399, bado liko pale. Nilichokuwa sikukiona nikiwa mtoto ni miti. Mibuyu, mikwaju. Watu walihama karne ya 17 lakini miti yao ya kula haikuhama, na mtu aliyeishi humo alikuwa akitia ukwaju kwenye mchuzi wake kama mimi ninavyotia, sijui kwa nini jambo hilo lilinigusa kuliko msikiti.

Nikiwa katika hali hiyo ya kuguswa, gunia nimeliweka kwenye ukuta, kima akashuka. Hakukimbia hata. Alikuja kama mwenye mali, akafungua, akachukua bungo moja kwa kila mkono, na wenzake watatu nyuma yake. Nikapiga kelele, nikatupa kiatu, kiatu kikaenda upande mwengine, wakapanda juu na kuanza kula huku wananitemea kokwa. Wageni wawili walikuwa wanapiga picha, natumai picha nzuri wamepata. Nimehesabu: 23 yamebaki. Mlinzi akaniambia ndugu yangu, kima wa hapa wanazijua ndizi za watalii tu, leo umewaletea cha kwao ndio maana wamekuja wote.

Siku ya tatu, njiani

Basi la asubuhi. Malindi mpaka Mokowe, panapopandwa boti ya Lamu, ni kilomita 220 hivi, na zamani hiyo ilikuwa safari ya kuandika wasia kwanza, sasa lami ya Garsen, Witu mpaka Lamu imekamilika na tatizo lililobaki ni vizuizi tu, unashuka na kitambulisho, unapanda, unashuka.

Kondakta alitaka gunia liende kwenye buti. Nikakataa. Akasema linanuka. Ni kweli lilikuwa linanuka, bungo lililoiva lina harufu yake, tamu ya kulewesha, na kuna moja lilikuwa limepasuka vita ya jana, lakini nikamwambia kule chini joto litayamaliza, tukabishana mpaka mama mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Muache akae nayo, afadhali yanukie mabungo kuliko soksi zako." Basi lote likacheka na mimi nikakaa na gunia mapajani kama mtoto mchanga.

Daraja la Sabaki, Mambrui, Gongoni, halafu mashamba ya chumvi upande wa kulia, meupe mpaka macho yanauma. Nikalala. Kuamka ni Garsen na mikoma. Kama hujawahi kuiona, mkoma ni mtende wenye vichwa vingi, shina linagawanyika mara mbili, kila tawi linagawanyika tena, sehemu za Mto Tana imejaa tele. Mama yule wa nyuma, ambaye sasa tulikuwa marafiki, akaniambia wao kwao Witu utotoni walikuwa hawanunui peremende, wanaokota makoma. Nikamwambia sijawahi kula. Akanitazama kwa huruma ya kweli.

Kizuizi cha mwisho kabla ya Mokowe, askari kijana akaniuliza gunia lina nini. Mabungo. Mabungo ni nini? Matunda. Fungua. Nikafungua, akachukua moja akaligeuzageuza, akaligonga kama anayebisha hodi, nikaona bora nimuonyeshe, nikalipasua kwenye chuma cha mlango wa basi nikampa nusu. Akatia punje mdomoni. Jamani ule uso. Jicho moja lilifunga lenyewe, bega likapanda, akapiga mguu chini mara mbili, abiria wote madirishani wanamtazama. Halafu akanyoosha mkono akachukua nusu ya pili. "Hii kali inatibu nini?" Nikamwambia haitibu kitu, inaliwa tu. Akapiga saluti.

22 sasa.

Mokowe tukapanda boti, kusi linavuma, maji yakatupiga kidogo, si sana. Jeti ya Lamu watu wengi na punda wengi kuliko watu. Shangazi anakaa Mkomani, nikapita vichochoro nikikumbuka njia kwa harufu na kukosea mara tatu. Alikuwa amekaa dakani, pale kwenye ukumbi wa mlango. Hakuniuliza za safari. "Ndoo ndani," yaani njoo. "Yako wapi?"

Siku ya nne, Lamu

Jana usiku hakuyagusa. Akayapanga kwenye sinia moja moja, akayafunika na kawa, akasema yamechoka na safari, yalale. Nikadhani ananitania.

Leo baada ya chai akatoa moja. Akaligonga kwenye ukingo wa ngazi, mara moja tu, ufa ukazunguka sawasawa, akalifungua kama anayefungua kikopo. Akanusa. Akachukua punje moja kwa vidole viwili akaitia mdomoni akafumba macho, na mimi nikawa tayari kabisa kwa machozi, nimeshatayarisha na maneno. Akaitoa kokwa akaiweka kiganjani akaitazama.

"Matamu mno haya," akasema. "Ya kwetu yalikuwa makali."

Kilomita 220. Kima. Kiatu changu kimoja kina alama ya ukuta wa karne ngapi sijui. Nikamwambia shangazi ni mabungo yale yale. Akasema siyo, haya yamebembelezwa. Kisha akala sita pale pale, moja baada ya moja, na kila moja akilitoa kasoro yake.

Jirani wakasikia. Nyumba za Lamu zina masikio, ukifungua kitu dakika tano mlango unabishwa. Akaja mama mmoja mzaliwa wa Mombasa akaona sinia akakaa chini bila kuvua buibui. Watoto wakaja, mmoja akatema, mmoja akauliza kama kuna mengine. Yaliyobaki tukafanya juisi: unatoa punje zote kwenye bakuli, maji, unazifikicha kwa mkono mpaka nyama iachane na kokwa, unachuja, sukari, iliki. Kokwa zenyewe shangazi hakutupa, akazipaka chumvi na pilipili akawapa watoto wazifyonze, akisema hiyo ndiyo ilikuwa sinema yao Malindi.

Mchana mchuzi wa samaki wa nazi, ndani yake birimbi. Mbirimbi uko kiwandani mwake, yaani kwenye ua wa katikati ya nyumba, na matunda yanaota kwenye shina lenyewe, mashada ya vidole vya kijani vimening'inia toka chini mpaka juu. Ukilila bichi hilo unaona bungo ni asali. Shangazi anasema hili tunda la Amu, la asili, huwezi kulipata kwengine. Nikafanya kosa la kumwambia kwamba birimbi asili yake ni visiwa vya kule Asia Kusini-Mashariki, lililetwa. Na kwamba ukwaju, ambao Waarabu waliuita tamri hindi, yaani tende ya India, na Wazungu wakachukua jina hilo hilo, ndio mti wa Afrika hasa. Yaani wetu una jina la ugeni, na mgeni tumempa uraia. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza?" akasema. "Kula."

Jioni nilitoka kutafuta koma. Niliwaza hivi, mtaa unaitwa Mkomani, si lazima uko mkoma? Nimezunguka saa nzima. Mawe, milango, paka, punda, msikiti, hakuna mkoma. Nikamuuliza mzee barazani, akacheka akaniambia kijana wangu, na wewe ukienda Mbuyuni unabeba panga?

Nimechoka, nalala.

Siku ya tano, Matondoni

Nilitaka kwenda Takwa, kisiwa cha Manda, nasikia kuna mibuyu mikubwa magofuni, lakini nahodha akasema maji yametoka, mkondo ule wa mikoko bila maji kujaa huingii. Basi nikachukua boda mpaka Matondoni (ndiyo, boda zimeingia Lamu, punda wamenuna). Kijiji cha majahazi, pwani unasikia nyundo tu, lakini mimi nilikwenda kwa upande wa ndani, penye kivuli, wanawake wamekaa wanasuka. Wanasuka ukili kwa miyaa, na miyaa ni majani ya mkoma, yakishakauka na kuchanwa nyembamba. Ukili unakuwa mrefu kama njia, halafu unashonwa unazunguka mpaka mkeka unatokea. Mikono inakwenda na mdomo unakwenda, hawatazami chini.

Nikasalimia, nikasema natafuta koma la kula. Kicheko. Mmoja akaita mtoto wake wa kiume, kama miaka 10, akamwambia mpeleke mjomba wako. Na hivyo ndivyo nilivyojifunza kula koma kutoka kwa profesa wa darasa la 4.

Somo la kwanza, usichume, okota, lililo juu halijaiva. Somo la pili, tikisa kwenye sikio. Somo la tatu ni jiwe. Koma lina rangi ya kahawia inayong'aa, umbo kama pea lililokosea, na ukilishika unaona ni mti uliochongwa, meno hayawezi kuingia. Mtoto akaliweka juu ya jiwe na jiwe jengine mkononi, hapigi kwa nguvu, anapiga pole pole akiligeuza, tok, tok, tok, pande zote, mpaka ngozi ikapasuka na ndani ikawa kama sponji kavu ya nyuzinyuzi. Hapo sasa unang'ata unavuta. Mara ya kwanza sikupata kitu, kama kutafuna mlango. Mate yakaingia kidogo. Halafu pole pole ikaja, sukari guru kwanza, nyuma yake kitu kama tangawizi kavu, nyuma yake vumbi la sanduku la bibi. Sijui nielezee vipi. Si tamu ya kusema ala! Ni tamu ya kusema ngoja, halafu unang'ata tena. Nusu saa nilikuwa na koma moja na sijalimaliza, taya inauma, nyuzi zimejaa katikati ya meno, mtoto ameshamaliza mawili na ananitazama kama anayetahini.

Ndani kuna kokwa nyeupe ngumu kama pembe, hiyo hailiki ikishakomaa. Mtoto anazo nyingi, anachezea.

Nilipowarudia wanawake nikamuuliza mmoja kwa nini haya hawayauzi mjini, mbona watu wangenunua. Akasema bila kuacha kusuka, "Nani atanunua kitu cha kuokota?" Na nikakumbuka mama wa Gede kanitajia bei ya mabungo mpaka mimi nikaona haya kuilipa, na mzee wa kunazi amekaa mtaroni. Mimi mwenyewe nilimwambia shangazi si afadhali sukari.

Nimeokota gunia zima. Lile lile la mabungo, bado linanuka.

Siku ya sita, Mkunguni

Siku ya kukaa. Nimekaa uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome toka saa tatu mpaka adhuhuri na hapa angalau jina halikudanganya, mikungu ipo, kivuli kipana, wazee wanacheza bao na mmoja wao anapoteza na anaongea sana. Kungu ziko chini kwenye mawe zimezagaa, watu wanazikanyaga. Nyama yake ya nje ni nyembamba tu, nyekundu ikiiva, ina ukakasi fulani, wengi hawaijali. Utamu uko ndani. Nikachukua jiwe nikapiga moja kwa ubavu, ikaruka ikampiga mtu wa bao mguuni.

"Isimamishe," akasema yule anayepoteza. Nikafikiri ananikasirikia. Akainama akaichukua, akaisimamisha kwa ncha kwenye ufa wa jiwe, akachukua jiwe langu, akapiga moja tu kwenye ukingo. Ikafunguka pande mbili kama kitabu, kiini chembamba cheupe kimelala katikati, kizima. Akakila yeye, akarudi kwenye bao.

Zangu mimi nimevunja kama 15 na viini vizima nimepata vinne, vyengine unga. Vidole viwili vimevimba.

Usiku shangazi amenifungia birimbi za achari, zimeshatiwa chumvi na kuanikwa juani siku mbili, akasema mpe mamako, mwambie zile alizofanya mwaka juzi zilikuwa na chumvi nyingi. Kisha akaniambia safari nyengine nimletee mabungo ya kweli.

Siku ya saba, kurudi

Boti ya asubuhi na mapema, bahari imetulia leo, Mokowe, basi. Kondakta ni yule yule. Alilitazama gunia, akanitazama, akaniambia tu, "Leo weka popote."

Kizuizi, kushuka, kitambulisho. Askari kijana aliniona kabla sijamuona. Akaja mpaka dirishani, "Leo hakuna ile kali?" Nikamwambia imeisha, lakini ipo hii, nikampa koma. Akaligonga kwa ukucha. Akauliza linafunguliwaje. Nikamwambia tafuta jiwe, piga pole pole pande zote, usiwe na haraka. Akaenda pembeni kwenye mawe ya kizuizi, akachuchumaa na bunduki mgongoni, tok, tok, tok, mkubwa wake akasogea kuuliza ni nini hicho. Basi likaondoka. Nikageuka nyuma, wote wawili wamesimama barabarani, kila mmoja ana kipande mdomoni anavuta.